Ng'ombe wa Doto Wako Zagayu

Milembe alikutana na Doto stendi ya Bariadi, vumbi limetanda na wapiga debe wanagombea abiria. Milembe alikuwa wakala wa kutuma na kutoa pesa, amekaa chini ya mwamvuli wake. Doto, shati jeupe limepigwa pasi likakubali, alikuja kutoa pesa, akasahau namba ya siri kwa kumtazama. Milembe akamtania kwamba mtu asiyekumbuka namba yake hata mke atamsahau. Kijana akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka majirani wakaanza kumwita shemeji.

Kazi ya Doto ilikuwa kuuza sarafu za mtandaoni. Watu asiowajua wanamrushia sarafu kwenye simu, anaziuza, anakata chake, kinachobaki anawatumia kwa shilingi. Kwenye mahari hakubabaisha. Ng'ombe waliingia Ngulyati, kijijini kwao Milembe, wamenona, na mzee Jilala, baba yake Milembe, hakuwalaza sana zizini. Aliwapeleka Zagayu kwa wakwe, wakawa mahari ya mke wa Masele, kaka yake Milembe. Ndivyo wanavyofanya huku: ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka.

Ndoa ilikuwa tamu, shida simu. Ikilia tu, Doto huyo nje, ananong'ona, anarudi uso umemshuka. Wivu ukamkaba Milembe. Akaamini kuna mwanamke Mwanza, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akarudi kwao.

Mzee Jilala hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba akiivunja ndoa, ng'ombe watadaiwa, na ng'ombe wenyewe ndio yule mke wa Masele anayetwanga pale uani na mimba yake. Milembe akajiona amefungiwa mlango kwa nje.

Wiki haikuisha, Doto akapiga.

"Mke wangu, hakuna mwanamke. Ni wale wenye sarafu. Pesa yao ni ya wizi, wanaitakatisha kupitia kwangu. Nikisema naacha, wananitishia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje kukwambia nimekuoa kwa pesa ya wizi? Niko nje ya kituo cha polisi. Wataniuliza pesa ilikwenda wapi. Ng'ombe niwataje?"

Milembe alimpenda, tena sasa kuliko mwanzo. Doto akificha, watu wale watamtumikisha maisha yake yote. Akisema, polisi watawachukua ng'ombe, na nyumba ya Masele inabomoka.

"Ingia," alisema. "Sema ng'ombe wako Zagayu. Na mkeo sema yuko Ngulyati, anakungoja."

Akakata simu, akaenda kumpokea wifi yake mchi, ili amwambie akiwa amekaa.