Ukoka wa Mzee Ladislaus

Fuvu lilitokea chini ya ukoka, mbele ya nyumba ya Mzee Ladislaus, kijijini Lituhi. Vibarua walikuwa wakiung'oa ukoka wa zamani ili Glorious, binti wa mzee, apande nyasi mpya kabla ya harusi yake. Mzee mwenyewe alikuwa Songea kwa matibabu. Aliporudi, alikuta ua wake umezungushiwa utepe wa polisi.

Mkaguzi Herieth alichuchumaa kando ya shimo. Kijiji hiki ndicho kilichomlea. Daktari alimwonyesha mfupa wa paja.

"Uliwahi kuvunjika, ukaunga vibaya. Marehemu alikuwa akichechemea. Na fuvu limepasuka kisogoni."

Utotoni mwake Herieth alimjua mtu mmoja tu wa mwendo huo: Erasmo, kinara wa ngoma ya mganda, ambaye mguu wake mbovu ndio uliokuwa utamu wa uchezaji. Watoto walimwiga mpaka wakaanguka kwa kicheko. Kisha Ladislaus, rafiki yake, akasema Erasmo amevuka ziwa kwenda Malawi. Mganda ukafa.

Alimfuata mzee barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani alimwona Erasmo mara ya mwisho?"

"Mimi. Nilimsindikiza ufukweni, akapanda boti."

"Na uwanja huu ulikuwaje siku hizo?"

"Ukoka mtupu, kama ulivyokuwa juzi."

"Mganda mlichezea wapi?"

"Hapa hapa."

"Nilikuwapo, baba," Herieth alisema taratibu. "Vumbi lilitufika magotini. Mama alinichapa kwa sababu ya gauni jeupe nililolichafua hapa. Ukoka uliupanda Erasmo alipotoweka. Kwa nini?"

Mzee alitazama ziwa. Mlangoni, Glorious alikuwa amesimama, hapepesi macho.

"Alikuja kuniaga. Kapata kazi ng'ambo, harudi tena. Nilimsihi. Bila yeye hakuna kikundi, na bila kikundi mimi nilikuwa nani? Akacheka, akanigeuzia mgongo. Nikampiga kwa mpini wa jembe. Nilitaka abaki tu."

Glorious aliangua kilio.

"Mama yake Erasmo anamsubiri mpaka leo," Herieth alisema. "Bibi Gertrude ulimwambia nini?"

"Nilimpelekea sukari, nikampelekea vitenge. Nikamwambia vimetoka kwa mwanawe, Malawi."

Mzee alinyoosha mikono ipokee pingu.

"Kila mara alipiga magoti, akanishukuru."