Injini Isiyopoa

Saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaanza kutanda juu ya mashamba ya Pohjanmaa, huko kaskazini ambako siku za baridi ni fupi, na Raimo Hautaniemi alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja. Ulikuwa ule unaoingia mifupani na kuhamia kabisa, na virago vyake.

Eksikaveta yake, mashine ya kuchimbia mitaro, ilikufa msimu wa majani kupukutika. Jumatatu alitakiwa kuanza kuchimba mtaro wa mabomba ya maji ya kijiji. Akikosa mashine, kazi inakwenda kwa mwingine, na yeye, na umri ule, anakwenda kupanga maboksi kwenye ghala la mjini. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Ndiyo maana aliendesha gari kwenye theluji yote ile kwenda kukagua mashine ya marehemu Kalervo Rintamäki.

Kwenye simu alikuwa amemsisitizia mjane, mama Lahja: asiiwashe, na asichomeke hita ya injini. Injini ikishapashwa moto huficha maradhi yake yote. Ikiamshwa baridi, husema kweli. Raimo hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lahja alimkaribisha kahawa kwanza, maana huku hakuna anayekagua kitu kabla ya kahawa. Alikuwa mama mnyamavu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alisimulia kwa kifupi kwamba mumewe alikutwa amekaa kwenye kiti cha mashine hiyohiyo, mkono ukiwa bado kwenye kishikio cha kuchimbia. Moyo ulisimama tu. Raimo alimpa pole. Kisha mama akampa tochi, akasema banda liko nyuma ya sauna, kile kijumba cha kuogea kwa mvuke, na yeye hatafika huko.

Banda lilikuwa kimya. Baridi ya humo ndani ilikuwa inakata masikio.

Raimo alianza na minyororo ya kutembelea. Mizima. Akainama kwenye pini za mkono wa mashine, akautikisa kwa nondo kuona kama umelegea. Haukulegea. Mipira ya haidroli haikuwa na ufa. Akavuta kijiti cha oili, akakisugua kidoleni kutafuta vumbi la chuma. Oili ilikuwa safi. Mashine ya umri ule haikustahili kuwa nzima namna ile, akafurahi kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Halafu akavua glavu, akaweka kiganja juu ya injini.

Ilikuwa ya moto.

Raimo aliguna. Mama wa watu kamwonea huruma, kachomeka hita, kama kila mtu huku afanyavyo wakati wa baridi bila hata kufikiri. Akamulika ukutani kuutafuta waya. Ulikuwa umeviringishwa kwenye msumari wake, umeganda barafu.

Akafungua sanduku la betri. Lilikuwa tupu.

Akajikaza, akamulika kibanda cha dereva. Vioo vilikuwa na ukungu kwa ndani, kama vya gari ambalo mtu amelala ndani yake. Akavuta mlango. Harufu ya tumbaku na jasho ikampiga usoni. Aligusa kiti.

Nacho kilikuwa na joto.

Kwenye meno ya kijiko cha kuchimbia kulikuwa na udongo. Mweusi. Mbichi. Ulikuwa unatoa mvuke, na ardhi yote ya wilaya ilikuwa imeganda kama zege.

Hakukimbia, alitembea haraka, kama mtu mzima anayeogopa kuonekana anaogopa, mpaka jikoni kwa Lahja. Mama alikuwa ameshamwekea kiti.

"Mama, nani anaendesha ile mashine?" Raimo alinong'ona.

"Kalervo." Aliusugua mdomo wake kwa kona ya aproni. "Kila jioni. Anachimba huko nyuma, kisha anafukia. Anachimba... anafukia. Namwita ndani apumzike, hanisikii."

"Anatafuta nini?"

"Hatafuti kitu, baba. Yuko kazini."

Kisha akaeleza, bila kumtazama. Kalervo naye aliinunua kwa mjane, huko upande wa Kauhava. Mwenye mashine alikuwa amefia humohumo kitini. Mjane yule aliwapa kahawa, akapokea hela, hakusema lolote; Lahja alikuja kuyasikia baadaye kwa majirani wa huko. Kalervo alipoikagua, injini ilikuwa ya moto hivyohivyo. Akadhani ni hita.

"Sijui ni nini kimo humo," Lahja alisema. "Najua tu kwamba yule wa kwanza alipopata wa kumpokea, aliacha. Nilitaka kukuuzia na kunyamaza, Raimo. Nimechoka na ile sauti. Lakini una mke. Nenda nyumbani."

Raimo alimfikiria Aune, mkewe, ambaye siku hizi alikuwa amepunguza hata kuuliza habari za kazi. Alilifikiria ghala. Alichukua kofia yake, akasimama. Alikuwa anakwenda, kweli alikuwa anakwenda.

Ndipo injini ilipowaka nyuma ya sauna.

Iliwaka mara moja. Haikukohoa. Haikubisha. Ilitulia kwenye mngurumo mmoja, mzito, laini, ule ambao mnunuzi huusubiri maisha yake yote na kuambulia mitetemo na moshi. Lahja alifumba macho. Raimo alibaki na kofia mkononi, akisikiliza, na alijichukia kwa sababu alikuwa anasikiliza kama fundi. Hakuna kasoro. Na mtaro ulikuwa Jumatatu.

"Nitaichukua," akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana, lakini huko nje mngurumo ulikatika hapohapo.

Lahja alianza kulia. Raimo alisogea dirishani. Kwenye mwanga wa taa ya uani aliona mlango wa banda uko wazi, na ndani yake mtu mzima, mnene, akishuka kwenye mashine taratibu, ngazi moja baada ya nyingine, kama anayemaliza zamu. Alijinyoosha mgongo. Hakutazama nyuma.

Mlango wa kibanda cha dereva aliuacha wazi.