Kafedha na Mfereji wa Mashua

Kafedha hakupenda kuamrishwa. Gona, mumewe, alilijua hilo tangu siku ya harusi. Alipotaka kitu aliomba, na akiomba vizuri alipewa.

Kila asubuhi Kafedha alichukua jembe akashuka bondeni, hapo Magogoni, kulima mpunga. Shamba hilo aliachiwa na mama mkwe wake. Watoto wake wanne, Nyevu akiwa wa kwanza, walilishwa na shamba hilo. Mbele ya shamba kulikuwa na mikoko, miti inayoota katika matope ya bahari. Mbele ya mikoko kulikuwa na hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara.

Watu wengi husema mikoko ni matope na mbu tu. Hao hawajawahi kulima Magogoni.

Mwaka 1947 vita vilikuwa vimekwisha, na wageni walianza kujaa katika hoteli za pwani. Walipenda kupakiwa mashuani na kupelekwa horini kutazama ndege. Nyapara wa mashua alikuwa kijana aitwaye Kahindi. Siku moja alikuja kwa Gona.

"Baba, njia ya maji inazunguka mno," alisema. "Wageni wanachoka. Tukatie mikoko, tupate mfereji ulionyooka mpaka hapa kwenu. Nawe nitakupa kazi ya mashua."

Gona alikuwa mkata boriti hodari. Yeye na wenzake walikata mikoko siku sita. Mfereji ukanyooka kutoka horini hadi ukingoni mwa mpunga. Gona akausifu mwenyewe.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mwezi ulipokuwa mpevu, bamvua likaja. Bamvua ni wakati bahari inapojaa kupita siku zote. Maji yalipita mferejini moja kwa moja, yakaingia shambani mchana kweupe, watu wakiyatazama. Baada ya siku nne majani ya mpunga yakawa njano. Chumvi ilikuwa imeyaunguza.

"Usijali," Gona alimwambia mkewe. "Nitajenga tuta la kuzuia maji."

Alijenga tuta mdomoni mwa mfereji. Tuta lilihitaji miti ya kulishikilia. Je, aliitoa wapi? Alikata mikoko mingine! Bamvua la pili lilipokuja, lilibomoa tuta na kufika mbali zaidi. Nusu ya shamba ikafa. Kafedha alikaa chini akalia kwa hasira.

"Hodi, mama Nyevu!" Sauti ilikuwa ya Mwidani, jirani yake. Mwidani alivua kaa katika mikoko hiyo tangu utotoni. Alijua kila mzizi na kila tope.

"Karibu, dada. Karibu uone msiba wangu."

Mwidani aliliangalia tuta lililobomoka. Akaiangalia miti iliyolishikilia. Akacheka, ingawa alimhurumia.

"Shemeji Gona, umemfukuza mlinzi, kisha umechukua rungu lake ulindie nyumba."

"Mlinzi gani?" Gona aliuliza.

"Leteni kata ya maji, niwaonyeshe."

Mwidani alifanya vilima viwili vidogo vya matope. Katika kimoja alichomeka vijiti vingi. Kingine alikiacha kitupu. Alimwagia maji kilima kitupu, matope yakakimbia nayo. Alimwagia kile chenye vijiti. Maji yakashuka polepole, na matope yakabaki.

"Mizizi ya mikoko ndiyo vijiti hivi," alisema. "Inapunguza nguvu ya maji na kuyashika matope. Samaki wadogo na kaa wanakulia humo. Ndege wanawafuata samaki. Ukikata miti, umewafukuza wote."

"Na tuta je?" Gona aliuliza. Sasa alikuwa mpole.

"Tuta ni zuri, lakini lijenge nyuma ya mikoko, ukingoni mwa shamba. Usikate hata mti mmoja. Toboa gogo la mnazi liwe bomba, ulipitishe chini ya tuta. Upande wa bahari weka kifuniko kinachoning'inia. Maji ya mvua yakitoka shambani, yatakisukuma kifunguke. Bahari ikija, itakisukuma kijifunge."

"Na mashua?" Kafedha aliuliza.

"Mashua zina njia yake ya zamani, ile inayozunguka. Zipite humo polepole kwa upondo, ule mti wa kusukumia chombo, zisikaribie miti yenye viota. Na huu mfereji tuuzibe kwa kupanda mikoko."

Walianza siku hiyohiyo. Miche ya mkoko ni mirefu kama vidole, nayo huning'inia mtini. Waliiokota, wakaichomeka matopeni mmoja mmoja. Kazi ilikuwa haijafika nusu Kahindi alipotokea na watu sita wenye mashoka.

"Mama, tokeni hapo. Bwana mkubwa wa hoteli ameamuru mfereji upanuliwe."

Kafedha alikuwa matopeni mpaka magotini. Hakusogea.

"Huyo bwana mkubwa wako analima wapi?"

"Halimi."

"Basi hajui anachoamuru. Sitoki."

"Baba Gona! Mwondoe mkeo, la sivyo kazi ya mashua isahau!"

Gona aliipenda kazi ile. Aliogopa kuikosa, tena sana. Akamtazama mkewe, akautazama mpunga wa njano. Kisha akaliweka panga chini, akaingia matopeni, akasimama kando ya Kafedha.

"Nimeshaisahau," alisema.

Mwidani naye akaingia. Wanawake wa mashamba ya jirani wakaja na majembe yao, wakajipanga mferejini. Mmoja wa wale wenye mashoka, mtu wa Utange, akatikisa kichwa.

"Hawa ni mama zetu," alisema. "Mimi shoka sinyanyui."

"Mtajuta!" Kahindi alipiga kelele.

"Tumeshajuta," Kafedha alimjibu. "Ndiyo maana tuko hapa."

Wiki mbili zikapita, na tuta jipya likasimama ukingoni mwa shamba pamoja na bomba lake. Kahindi akarudi peke yake, kofia mkononi. Wageni walikuwa wamenung'unika. Walikuja kutazama ndege, wakaonyeshwa visiki.

"Ndege wamekwenda wapi?" aliuliza.

"Kuliko na miti," Mwidani alijibu.

Wakakaa wakazungumza. Walikubaliana kwamba mashua zitapita njia ya zamani, mbilimbili, bila kelele. Miti ya viota haitasogelewa. Gona ndiye aliyeijua vizuri njia hiyo, kwa hiyo yeye ataziongoza. Na mfereji utabaki umezibwa. Hilo Kafedha hakulijadili na mtu.

Mambo hayakutengemaa mara moja. Mwaka huo ile nusu ya shamba haikuzaa kitu, nao walikula mihogo mpaka wakaichoka. Lakini mvua zilinyesha zikaiosha ardhi, na chumvi ikatoka kwa lile gogo la mnazi. Miche ikashika. Bamvua likija, maji yalipenya mikokoni polepole, yakafika kwenye tuta yakakoma. Yangeyange wakarudi kujenga viota, wageni wakawaona kwa mbali, wakafurahi.

Mwaka 1949 shamba zima lilizaa. Siku ya mpunga mpya Kafedha alipika wali wa nazi, Mwidani akaleta kaa. Kahindi naye alialikwa. Alikula sahani moja, akakohoa kidogo.

"Mama Nyevu, mashua zimekuwa nyingi siku hizi. Bwana mkubwa anaomba kinjia kidogo tu katika mikoko. Kidogo sana."

Kafedha alichukua mwiko, akamwongezea wali mpaka sahani ikajaa.

"Kula ushibe, mwanangu," alisema. "Jibu lako ni hapana, na sipendi kumwambia mtu hapana akiwa na njaa."