Maji Matamu ya Shimo la Vito

Rejeta ya gari ilipasuka katikati ya ranchi, kusini ya Miasenyi, na dereva Kituku, bila kuuliza mtu, akaimiminia maji yote ya kunywa. Yakapitiliza, yakamwagikia mchangani. Wakesho, mpimaji wa maji, alimtazama akakosa hata tusi la kumtosha.

"Wewe una akili kweli?"

"Madam, nilidhani itashika."

"Ulidhani!"

Simu hazikuwa na mtandao. Chupani mwa Wakesho yalibaki mafunda mawili tu. Wakashika njia ya kaskazini kuelekea barabara kuu, jua likiwachoma utosini, miiba ikiwararua suruali. Kufikia adhuhuri ndimi zilikuwa zimekauka na Kituku anapepesuka.

Ndipo wakaliona shimo: mgodi wa vito ulioachwa, umejaa maji maangavu. Kituku akapiga magoti, akachovya kidole, akalamba.

"Matamu! Hayana chumvi hata kidogo!"

Na hilo ndilo balaa la sehemu hizi: maji ya chumvi ni mabaya, matamu ni mazuri, basi, hakuna swali jingine. Wakesho alimvuta ukosi. Akatoa mkebe wa vikaratasi vilivyotiwa dawa, akachovya kimoja. Kikageuka waridi, kisha kikakolea zambarau.

"Nitraiti. Masalio ya baruti. Inanyima damu hewa, midomo inageuka samawati. Hayanyweki."

"Nife kiu kwa ajili ya karatasi? Imeshinda garini juani, imeharibika hiyo!"

Neno hilo lilimchoma Wakesho, maana huenda lilikuwa kweli. Akafungua chupa yake, akakidondoshea kikaratasi kipya tone la yale maji salama. Wakangoja. Kikabaki cheupe pe.

"Umeona? Hazijaharibika." Akampa chupa. "Maliza. Na ukirudi hapo shimoni nakuacha."

Hasira ndiyo iliyomtembeza Wakesho. Walipasua mwamba hao wachimbaji, wakabeba vito vyao, wakaacha sumu wazi bila hata ua wa miiba! Kituku akaanguka; akamwinua kwa nguvu, akamkokota. Mwishowe wakasikia malori.

Kando ya barabara, Rita, mama muuza matikiti, alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. "Ala! Mmetoka wapi nyinyi?" Akawachotea kikombe kutoka kwenye pipa. "Kunyweni. Matamu haya. Bozi, muuza maji, huyaleta kutoka shimo la vito."

Kituku, midomo imepasuka inatoka damu, kikombe alikuwa ameshakifikisha kinywani. Akakishusha.

"Madam, lete karatasi."

Akachovya mwenyewe. Waridi. Zambarau.

"Mama, maziwa ya unga ya mtoto unakorogea maji haya?" Wakesho akauliza.

"Sasa nikorogee yapi?"

Bila kuuliza mtu, Kituku akalikumbatia pipa, akalipindua. Maji yote yakamwagikia mchangani.

"Wewe una akili kweli?" Rita akapiga ukelele.

"Anazo, mama," Wakesho akasema. "Mshushe mtoto nimtazame midomo."

Ilikuwa ya samawati. Wakesho akaingia katikati ya barabara na kulinyooshea lori mikono yote miwili. "Simama! Voi, hospitali! Simama, we mwanamume!"

Lori likasimama.