Unyoya Kwenye Jokofu la Maabara

Saa mbili asubuhi Loyce alifungua jokofu kubwa la maabara ya utafiti pale Utemini, akakuta rafu ya chini tupu. Kasha la vichupa halipo. Kufika saa tatu, Mzee Zefania, mlinzi, alikuwa benchini na pingu mikononi. Funguo za usiku ziko mbili tu: ufunguo wake na wa mkuu, Daktari Melkiori, na mkuu, kama tujuavyo, hashukiwi.

"Vichupa vina nini?" aliuliza Koplo Stumai, mwanamke asiyekimbia hata mvua.

"Dawa ya kunyamazisha jeni," alisema Loyce. "Seli ina mlango wa protini wa kuingizia sukari. Tukiinyamazisha jeni inayoutengeneza, tunaona sukari inavyokwama nje. Vikipata joto, afande, kazi yetu yote imekufa."

"Ya kunyamazisha mawifi bado?"

Loyce alicheka bila kutaka. Stumai aliinama jokofuni, akabandua kitu cheupe kilichogandia rafuni. Unyoya.

"Mnafuga kuku humu?"

"Chakula ni marufuku. Juzi juzi Daktari alimfukuza kazi mwenzetu Hezekia kwa chupa ya togwa tu."

Stumai alipiga simu. Hezekia alikuwa kwao Iguguno anavuna alizeti, na balozi wake wa nyumba kumi alikuwa naye shambani.

"Kingine kilichopungua?"

"Barafu kavu. Jana ililetwa ndoo nzima, leo nusu."

"Basi mwizi anavionea huruma vichupa. Hiyo barafu ina madhara?"

"Hutoa hewa inayokaba. Lazima ufungue madirisha."

Stumai alitoka nje. Upepo ulikuwa unamwaga vumbi uani, na gari la Daktari Melkiori lilikuwa limeshusha vioo vyote vinne, mwenyewe kasimama kando.

"Daktari, vumbi lote hili, vioo chini?"

"Joto, afande."

"Na sweta hilo?"

Stumai alichungulia garini. Nyuma ya kiti, chini ya kanga, kasha lilikuwa linafuka moshi wa baridi.

"Mama mkwe alileta kuku ameshachinjwa," alisema Melkiori. "Akaagiza asiliwe mpaka mke wangu arudi leo. Friji ya nyumbani imekufa. Nikamleta jokofuni hapa jana usiku, hakuenea mpaka nitoe kasha. Alfajiri nimempeleka nyumbani, kurudi nirudishe kasha, Loyce kaniwahi."

"Ukamwacha mzee wa watu afungwe pingu."

"Nilimfukuza Hezekia kwa togwa, afande. Kuku ningemsemaje?"

Loyce, aliyewafuata nje, alifungua kasha, akagusa kichupa kimoja kimoja. "Vimeganda vyote," alisema, akakaa chini palepale vumbini.

Zefania alifunguliwa, akasugua vifundo vya mikono. "Firigisi nitakula mimi."

"Mzee wangu, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama mkwe atauliza."

"Aulize," alisema Stumai. "Utamweleza yote. Ila kwanza mpigie Hezekia arudi kazini, nikusikie."

Mchana bibi mmoja alifika getini na hotipoti kichwani. "Zefania ndiye nani?"

"Mimi, mama."

"Firigisi yako hiyo, na mapaja yote mawili. Mkwe wangu nimemwachia shingo."