Mtu wa Helmeti Nyekundu

Kila akitoka shule, Kijiti alikuwa anapitia kwa shangazi yake, fundi cherehani. Anatupa begi chini ya meza ya kukatia, anaanza kuokota pini. Walimwita Kijiti kwa sababu ya wembamba wake, na shangazi ndiye aliyemtania kuliko wote: "We mtoto, siku nikikosa sindano nitakutunga uzi wewe."

Lakini utani uliisha. Yaani tangu shangazi asimame kwenye mkutano amuulize diwani, mbele za watu, nani kauza uwanja wa shule, mambo yakageuka. Akaanza kufunga dirisha mchana kweupe. Mkasi haumtoki mkononi.

"Nafuatwa," anasema. "Kuna mtu wa pikipiki, ana helmeti nyekundu."

Watu wakacheka. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao hata havijashonwa. Diwani akamwambia baba yake Kijiti, ambaye ni dereva wake, "Dada yako anaumwa huyo. Mpeleke hospitali." Baba akampeleka.

Sasa, Kijiti alikuwa amemwona yule mtu, tena si mara moja. Anaegesha pikipiki ng'ambo ya duka, hanunui kitu, hashuki. Alipomwambia baba, baba aliangalia sahani yake tu.

"Hujaona kitu. Au unataka tule mawe?"

Jumamosi wakaenda kumwona mgonjwa. Shangazi amekaa kitandani, ulimi mzito kwa dawa, vidole vinachezea upindo wa shuka kama anatafuta pa kuanzia kushona.

"Bado anasema anafuatwa?" daktari akamuuliza baba.

"Bado, daktari."

"Basi tutamwongezea dawa. Ataendelea kukaa."

Shangazi hakubisha. Alimwangalia Kijiti, akafumba macho. Hapo Kijiti akashindwa kuvumilia.

"Daktari, ni kweli anafuatwa."

"Nyamaza wewe!" baba akafoka.

"Mwache aseme. Umejuaje, mwanangu?"

"Nimemwona. Hata leo katufuata, yuko pale getini."

Daktari akaenda dirishani. Chini, nje ya geti, mtu wa helmeti nyekundu amekaa juu ya pikipiki, macho yote mlangoni. Daktari akarudi kitandani.

"Nilimsikiliza kaka mtu," akasema. "Nikasikiliza majirani. Diwani naye akanipigia simu. Wote walisema ana wazimu, na mimi nikaandika wazimu. Kuchungulia nje sikuchungulia." Akamgeukia Kijiti. "Wagonjwa wapo, na dawa zinawasaidia. Lakini mtu akisema jambo wakubwa wasilolipenda, usikimbilie kumwita chizi. Tazama kwanza kama ni kweli. Na ukishaona, sema, hata kama sauti inatetemeka."

Baba alitazama sakafu. Funguo za gari la diwani zilikuwa mkononi mwake, na alijua Jumatatu atazirudisha, kazi imekwisha.

Dawa zilipopunguzwa, shangazi akaruhusiwa. Kijiti akaenda kumchukua. Njiani watoto wakawaimbia, "Chizi! Chizi!" Mteja wa zamani akavuka barabara asikutane nao. Shangazi alitembea polepole, kamshika Kijiti begani.

"Hebu angalia nyuma. Yupo?"

Kijiti akageuka. "Yupo, shangazi."

"Basi mimi mzima," shangazi akasema, na wakaendelea kutembea.