Fulana za Hewa Safi

Kila Jumamosi asubuhi Nasambu alianika nguo, na kila Jumamosi alizianua zikiwa na masizi. Moshi wa kiwanda kilichokuwa karibu na mtaa wao wa Mowlem haukuwa na mapumziko. Baba yake, Bwire, alikuwa kibarua kiwandani humo, na leo alivaa fulana mpya ya kijani iliyoandikwa "Tunapenda Hewa Safi."

"Twende ukumbini," alisema bila kumtazama. "Wananchi wanatoa maoni kuhusu mswada wa kupunguza moshi unaoharibu tabianchi."

Lo, maoni gani hayo! Jirani yao, Mama Javan, ndiyo kwanza ashike kipaza sauti aeleze jinsi kifua kinavyombana mwanawe. Munyoki, aliyeajiriwa na kiwanda kukisemea serikalini, akavua kofia. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Fulana za kijani zilizojaa ukumbini zikasimama zote. "Mswada utupwe!" Viti vikaruka, watu wakakanyagana mlangoni, mzee mmoja akapigwa ngumi hadi akatema jino. Kiti kimoja kikamgonga Mama Javan kichwani, akaanguka, damu ikimtiririka usoni. Nasambu alikiona kilikotoka. Kilitoka mikononi mwa baba yake.

Kesho yake Nasambu na baba yake walikwenda hospitalini kumjulia hali Mama Javan, wakamkuta Waithera, mkurugenzi wa kiwanda, kando ya kitanda chake.

"Pole, Mama Javan," Waithera alikuwa akisema. "Sisi tunauunga mkono mswada. Wale walikuwa wahuni tu."

Nasambu alijua kwamba angesema, baba yake angefungwa. Aliitazama bandeji iliyofungwa kichwani mwa Mama Javan, machozi yakamtoka.

"Si wahuni, madam. Ni baba yangu."

Bwire akainamisha kichwa. "Ni kweli. Munyoki alisema asiyefanya fujo asirudi kazini."

Waithera akaketi kitandani pu! "Ripoti za Munyoki nilizitia sahihi kila mwezi. Sikuuliza hata siku moja anasema nini kwa jina letu."

Bwire alijipeleka polisi mwenyewe, na Munyoki akakamatwa. Mama Javan alikubali kumsamehe Bwire, naye akaachiliwa. Kiwanda kikaanza kubandika langoni kila neno kinalopeleka serikalini kuhusu mswada, ili yeyote asome. Kikao kiliporudiwa, Waithera alizungumza mwenyewe, na Bwire ndiye aliyepanga viti.

Mama Javan, kovu likionekana chini ya kitambaa, alimshika Nasambu mkono.

"Mwanangu, ukimtuma mtu akusemee, mfuate ukamsikie. Akiumiza watu, usiseme hukujua. Wewe uliona, ukasema. Asante."

Kisha akasimama, akashika kipaza sauti, akaanza upya pale alipokatizwa.